Simu ya Mavuno

Usharika wetu wa Kikwe una mnadishaji mmoja, mzee Yona Sumari, naye ametutesa miaka mingi. Kila Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao zikitolewa nje kunadiwa, yeye husimama nyuma ya meza na kukagua kila kitu utadhani Mungu amemwajiri kuwa bwana afya. Yai huliinua juani. Ndizi huziminya. Kuku humfunua kope.

"Mama Hans," alimwambia siku moja mjane Kandida mbele ya watu wote, "kuku wako chongo. Mungu si pipa la taka!"

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, tena kwa nguvu, maana siku hiyo sikuwa nimeleta kitu. Kandida alikunjakunja upindo wa kitenge chake mpaka mnada ukaisha.

Haki isemwe: mzee Yona aliipenda meza ile kuliko kahawa yake. Nyumbani mkewe Evaresta hamsikilizi, na ng'ombe wake ni vivyo hivyo. Lakini pale mezani alijulikana kuwa mtu asiyempa Mungu kilema, na bila sifa hiyo hakuwa na kitu. Ndiyo maana, sikukuu ya mavuno ilipokaribia, alitangaza kwamba mwaka huu yeye binafsi angetoa sadaka nzito. Alikuwa na mbuzi akilini. Alipofika nyumbani akamtazama mbuzi, mbuzi naye akamtazama, na roho ikamuuma.

Wiki hiyohiyo simu yake kubwa ikamwandikia kwamba kuna toleo jipya la programu, aipakue. Mzee Yona hapitwi na cha bure. Akabonyeza kukubali, akaiacha kwenye chaji, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Aliporudi, simu ilionyesha nembo ya kiwanda, ikazima, ikaonyesha nembo tena, ikazima. Aliipuliza. Akaipigapiga mgongoni. Akaiombea, na nasikia alikemea pia.

Akaipeleka mjini, mtaa wa Sakina, kwa fundi Faraz.

"Shikamoo mzee. Pole," Faraz alimwambia baada ya kuhangaika nayo. "Hii ni apdeti mbovu. Nimeletewa nyingi za namna hii. Nimejaribu kuingiza programu upya, imegoma kabisa. Ndani imekufa."

"Na kwa nje haionekani?"

"Kwa nje? Mpya kabisa, mzee."

Hapo ndipo, naamini, shetani alipovuta stuli akaketi kati yao. Mzee Yona aliifuta simu kwa shati, akatoka akitabasamu, akampita mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi mlangoni bila hata kumsalimu. Angemsalimu angemtambua. Alikuwa Kandida, na masikio yake ni mazima.

Jumapili ya mavuno, Yona alisubiri mpaka meza ijae.

"Wapendwa, wengine mmeleta kabichi. Sawa. Mimi namtolea Bwana simu yangu!"

Vigelegele. Mchungaji Aminiel alifuta machozi. Mimi niliona wivu. Yona akaiwasha, nembo ikang'aa, akaizungusha huku na huku tuione, kisha akaifunika kwa kiganja kabla haijazima. Watu wakashindana kupandisha bei, na aliyeshinda akawa Kandida. Tulishangaa, maana hatukuzoea hata kumsikia akikohoa.

Kwetu, ukinunua kitu mnadani unaweza kumzawadia mtu yeyote palepale.

"Nampa mnadishaji wetu," Kandida alisema. "Ametoa simu yake, sasa atatumia nini? Ila kwanza atupige picha sote, ya kumbukumbu."

Tukashangilia, tukajipanga, warefu nyuma na kwaya mbele. Yona aliinua simu. Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini jasho lilimtiririka. Nembo ikaja, ikaondoka. Ikaja, ikaondoka.

"Tabasamuni," alisema kwa sauti ya mgonjwa.

Tukatabasamu. Tukaendelea kutabasamu mpaka mashavu yakatuuma.

"Imetoka?" Mchungaji aliuliza.

"Imetoka."

"Hebu tuione, baba."

Yona akaikumbatia simu kifuani. Kandida alikuwa bado anatabasamu, kwa upole kabisa.

"Mzee Yona," alisema, "mfunue kope na huyo, tumwone."

Mchungaji akaichukua simu, akaitazama nembo ikija na kuondoka, akairudisha mezani taratibu kando ya kabichi. Hakuna aliyecheka. Nadhani mzee angefurahi kama tungecheka.

"Mkuki kwa nguruwe," alinong'ona Evaresta, mkewe wa ndoa, na sisi wengine tukamalizia kimoyomoyo.

Jumapili iliyofuata mbuzi alikuja. Yona alimburuta mwenyewe, akamkabidhi Kandida badala ya ile simu, akaomba radhi huku akitazama viatu vyake. Tulimrudisha mzee mezani kwa sababu hakuna mwingine mwenye sauti kama yake. Kandida naye akatoa sadaka yake, kuku.

Yona alimpokea kwa mikono miwili. Sote tukanyoosha shingo.

"Kuku wa Mama Hans," alitangaza, akaanza kunadi bila kumfunua kope.

Nami, niliyekuwa nimeleta mayai ambayo sikumbuki yalitagwa lini, nikamshukuru Mungu kwa moyo wangu wote.