Nakala ya Saa Sita

Mtu aliyevunja kompyuta yangu alianza na meno yangu. Mawili, ya mbele, ya juu. Aliingia ofisini kwangu hapa Kasongo saa tatu asubuhi, Alhamisi, bunduki begani na pombe mdomoni, akataka nimwandikie karatasi ya safari ya kazi yenye jina la mkubwa ambaye hakumtuma popote. Kuandikia watu ndiyo kazi yangu: barua za kanisa, mapatano ya viwanja, mitihani ya shule. Lakini uongo wa mwenye bunduki siandiki, maana ukigunduliwa atakayefungwa ni mimi. Ningeweza kumdanganya kwamba betri zimekwisha, akaenda zake. Nikamwambia, "Nenda ukaandikiwe na mama yako." Mdomo uliponza kichwa. Alinipiga kwa kitako cha bunduki, nikaanguka pamoja na kiti, kisha akainua kompyuta kwa mikono miwili, akaibwaga kwenye saruji na kuipiga risasi. Kompyuta! Kama vile ndiyo iliyomtukana.

Akatoka akitembea polepole, na njia nzima watu wakamwangalia mgongo. Mimi nilikuwa chini natema damu kwenye kitenge changu, na Mungu ananijua, sikuyawaza meno. Nilimwaza mwanamke aliyekuja siku moja kabla.

Alitoka upande wa Kabambare, kijiji kilicho kwenye njia ya Salamabila. Wenye silaha walikuja kijijini kwao wakitafuta dhahabu, na mume wake, mkulima ambaye hata sululu ya mgodini hakuwahi kushika, walimuua mbele ya macho yake. Watatu kati yao walikuwa wamekamatwa. Majaji walikuwa waje Kasongo Jumatatu kusikiliza kesi, na wakili wake alimwambia hivi: ukileta ushuhuda ulioandikwa na kutiwa kidole, nitawaomba wausome wenyewe, usilazimike kusimama kuusema mbele ya watu na mbele ya hao waliofanya. Ndiyo maana alikuja kwangu. Aliketi, akaweka mikono juu ya magoti, akaniambia, "Mama, mi nitasema mara moja tu. Ukikosa kusikia, usiniulize. Nikirudilia, nitakufa."

Alisema kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Mimi huwa siandiki kwanza kwa kalamu. Mtu akisema, vidole vyangu vinamfuata papo hapo. Tulipomaliza, wino wa mashini ya kuchapia ulikuwa umekauka, nikamwambia arudi Jumamosi kutia kidole. Akaenda. Ushuhuda ukabaki ndani ya kompyuta, na kesho yake kompyuta ikapigwa risasi.

Lakini nilikuwa na disiki ya pembeni, ndogo kama kitabu cha nyimbo, nimeificha nyuma ya kabati na waya wake. Na ndani ya kompyuta kulikuwa na programu inayonakili kazi yangu yote kwenye disiki hiyo, peke yake, kila siku saa sita adhuhuri, wakati jua ni kali na betri zimejaa. Yule mlevi hakuiona. Siku hiyohiyo, shavu limevimba kama andazi, nilienda sokoni kwa mfanyabiashara anayeleta vitu vya Bukavu kwa pikipiki, nikachukua kompyuta iliyokwisha kutumika na watu wengine. Nikarudi nayo kifuani, nikimlaani yule mtu kila hatua. Nilimtakia upofu. Nilimtakia jipu mahali ambapo sitapataja.

Ijumaa asubuhi nilichomeka disiki, nikaweka programu ileile. Ikafunguka vizuri, ikaniambia: hakuna nakala yoyote. Nilipiga meza kwa ngumi mpaka kikombe kikaruka. Nikampigia simu mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta kule Kindu.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "kwanza usiipige."

"Nani kakuambia naipiga?"

"Ninaisikia meza, yaya."

Akaniuliza kompyuta ya zamani ilikuwa inaiita disiki kwa herufi gani. E. Na hii mpya? D. "Basi, programu inabisha hodi kwenye nyumba ya E, na E hayupo tena." Akanielekeza jinsi ya kubadilisha herufi. Nikabadilisha, nikaijaribu tena, na safari hii ikaziona nakala, ila ikanitolea maneno mapya: nakala hizi ni za kompyuta nyingine. Chini yake vibonye viwili. Kimoja, kuchukua nakala za zamani. Kingine, kuanza upya.

Hapohapo mtandao ukakatika. Nikabaki peke yangu na vile vibonye. Nikabonyeza cha kwanza: huna ruhusa. Tena: huna ruhusa. Mara ya tatu nikapiga kelele, "Mimi ndiye mwenyewe, shetani weye!" na mama anayeuza mikate mlangoni akainuka akasogeza meza yake mbali. Damu ilikuwa inanichuruzika tena kwenye fizi. Nilitaka kumuua mtu, yeyote yule, na aliyekuwa karibu ni mashini. Nikapeleka kidole kwenye kuanza upya. Kuanza upya! Ni nani Kasongo hii ambaye hataki?

Simu ikalia.

"Yaya! Ile ya kuanza upya usiiguse. Inafuta zote."

Nikaondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

"Uligusa?"

"Sikugusa. Kwani mimi mjinga?"

"Hasira hasara, yaya."

"Nyamaza ufanye kazi."

Akanieleza kwamba mafaili ya kwenye disiki yanamjua mwenye kompyuta ya zamani tu, na mimi, kwa kompyuta mpya, ni mgeni. Ikabidi niingie mahali panapoandikwa mwenye mali, nifute jina la zamani, niandike la sasa, halafu nikubali kwa kila sanduku la mafaili, moja baada ya jingine. Mtandao ulikatika mara nne. Kufika saa nane mchana programu ikakubali, na kazi zangu zikaanza kuingia. Nilipiga vigelegele, na meno yaliyobaki yakaniuma. Mapatano ya viwanja vya Lusangi, yapo. Barua za parokia, zipo. Orodha ya wavuvi wa Nyangwe wanaotaka kuanzisha chama chao, ipo. Hata shairi la harusi nililomwandikia bwana mmoja aliyekataliwa baadaye, lipo.

Ushuhuda haupo.

Nilitafuta kwa jina, nikatafuta kwa tarehe. Mdogo wangu akasema, "Fungua kitabu cha programu, pale inapoandika yote iliyofanya." Nikafungua siku ya Jumatano. Saa sita kamili, mstari mmoja wa Kifaransa: faili moja halikunakiliwa, lilikuwa wazi, linatumika.

Lilikuwa wazi kwa sababu yule mama alikuwa bado anasema. Na nilikumbuka saa sita hiyo vizuri. Alikuwa amefika mahali pa kufa kwa mume wake, amenyamaza, anaangalia sakafu, nami vidole viko juu ya herufi namngoja. Wakati huo programu ilipita, ikaukuta mlango wazi na watu ndani, ikaenda zake. Siku iliyofuata ingepita tena. Yule mlevi aliitangulia kwa saa tatu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mdogo wangu akasema. "Mwite aseme tena."

Nikamtukana tusi ambalo mama yetu mzazi hakutufundisha, nikakata simu. Halafu nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nani amwambie aseme tena? Mimi? Kwa mdomo gani?

Nikafunga mlango, nikaandika ushuhuda wote upya kwa kichwa. Usifikiri ni uchawi. Maneno yale mtu akishayasikia hayatoki, hata akitaka. Njia waliyopita, nguo walizovaa, mbwa waliyemkata, alivyowaambia watoto wakimbilie mihogoni na wasirudi hata wakimsikia anapiga kelele. Yote yalikuja kwa mpangilio wake. Nilipofika mahali pale pa saa sita, vidole vikasimama. Nilijua alichosema. Nikaandika sentensi moja fupi, nikaendelea mbele. Nilijiambia majaji ni watu wazima, wataelewa.

Jumamosi asubuhi nilienda parokia, wakanichapia kurasa nne. Yule mama alinikuta mlangoni nimerudi. Akaniangalia uso.

"Nani alikupiga?"

"Mulevi mmoja. Pole, karibu, karatasi yako iko tayari."

Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia, "Ndiyo. Ni vile. Ndiyo." Nikaanza kupumua. Nikafika kwenye ile sentensi: wakampiga mume wangu kwa mchi, akafa palepale.

Akainua mkono. "Simama hapo. Mi nilikuambia vile?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Hapana, mama."

"Sasa nani alisema?"

Nikamweleza yote, bunduki, disiki, faili lililokuwa wazi, na kwamba niliandika kwa kichwa ili asirudilie. "Hapo nilitaka nikupunguzie," nikasema.

"Unipunguzie nini? Wale watatu watakuwa pale. Watasikia alikufa palepale. Watasema, kumbe huyu mwanamuke hakuona kitu." Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. "Keti. Andika."

Nikaketi, nikaikata ile sentensi kwa kalamu, nikageuza karatasi upande wa nyuma. Na yeye, aliyeniomba kitu kimoja tu, akaanza kusema mara ya pili, na aliyemsemesha si mlevi wala mashini. Nilikuwa mimi na huruma yangu.

"Walimupiga na muchi wangu, wakamuacha mulangoni. Kisha wakasema njaa inawauma, nipike. Nikachuma sombe. Nikatwanga na ule muchi, maana hakukuwa mwingine. Yeye alikuwa pale chini, ananiita, anaomba maji. Ukiinuka, wanasema, tunaenda kutafuta watoto. Sikuinuka. Weye ni mwanamuke, unapika, unajua majani ya muhogo yanakaa motoni muda gani. Andika hivyo. Yakaiva. Wakakula. Wakanawa mikono na maji. Alikuwa angali anaomba."

Nikaandika.

"Soma."

"Mama, tafadhali."

"Soma, nisikie kama umeandika."

Nikasoma kwa sauti, kwa mdomo wangu uliovimba, majani, mchi, maji, mpaka mwisho. Aliniangalia usoni muda wote. Kisha akatia kidole.