Kipimo cha damu kilichonipeleka kwa shangazi tuliyemfukuza

Wakuu, salama? Haya yamenitokea mwenyewe, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kwetu ni Didia, ila maisha yangu yako Katoro, nauza spea za bodaboda.

Baba alikufa akipalilia mpunga. Alishika kifua, akakaa kwenye maji, basi. Miaka michache baadaye kaka yangu Masanja akaenda hivyohivyo.

Tukaenda kwa mganga, akamtaja shangazi Kabula, dada pekee wa baba, kuwa ndiye mchawi. Tukamfukuza. Nasema "tukamfukuza" kwa sababu nilikuwepo, na godoro lake nililibeba mimi hadi barabarani.

Mwaka jana zamu ikawa yangu. Asubuhi, dukani, nimeshika plagi ya pikipiki, kifua kikabana.

Milio ya pikipiki ikaenda mbali, ikawa kama nyuki. Nikaona jaruba la mpunga, maji meupe, baba amekaa katikati ananitazama tu. Sikuogopa, wakuu. Nilitaka kumfuata, ila miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayeota.

Nikazindukia wodini, wakaniambia ni moyo.

Pale kulikuwa na daktari anayefanya research ya wagonjwa wa moyo. Aliomba damu, nikasaini. Walikuwa wanapima CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani usioonekana, na wanaangalia vinasaba.

Baada ya wiki kadhaa akaniita, wakapima tena.

"Baba Neema, CRP yako bado iko juu, na huna maambukizi yoyote. Halafu kuna tofauti ndogo kwenye vinasaba vyako, umezaliwa nayo. Bado tunaichunguza, lakini huenda inachangia huo uvimbe kwenye mishipa. Kwenu kuna aliyekufa ghafla?"

Nikamsimulia. Akaandika kwenye faili langu.

"Hao sikuwapima, siwezi kuapa. Ila ugonjwa wa moyo unaweza kutembea kwenye ukoo. Ndugu zako wa damu waje wapimwe."

Ndugu wa damu. Upande wa baba alibaki mmoja tu.

Shangazi nilimkuta Kagongwa, alikohamia, anaanika mpunga kwenye turubai.

"Shikamoo, sengi." Kwetu shangazi ndiyo sengi.

Hakuitikia. Aliendelea kuugeuza mpunga kwa mguu, polepole, nami nikaeleza yote nimesimama juani. Mpaka leo nikikumbuka naona kama ilikuwa ndoto, vumbi la makapi likielea katikati yetu.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo sikumuua kaka yangu?"

"Hukumuua."

Akakaa chini.

"Mlivyosema wote, nami nikaanza kuamini. Nikawa nawaza labda nilimuua nikiwa usingizini."

Wakuu, nikakaa naye palepale kwenye vumbi.

Alikubali kwenda kupima. Presha ilikuwa juu sana, sasa yuko kwenye dawa kama mimi. Kurudi Didia amekataa, na simlaumu.

Nilichojifunza: watu wa ukoo mmoja wakianguka kwa kufuatana, nendeni hospitali kabla hamjatafuta mchawi.

Wenye uzoefu na vipimo hivi, karibuni mchangie. Ila mimi nina swali moja kwenu. Shangazi sijamwomba msamaha bado, kila nikifungua mdomo naishia kumuuliza kama amekunywa dawa.

Aliyewahi kuomba msamaha mzito hivi, alianza na neno gani?