Hedifoni za Waridi za Fundi Sikio

Kiwandani walimwita Fundi Sikio, na wala hakujipachika jina hilo mwenyewe. Cherehani mia moja na ishirini za kushona sare zilikuwa zikinguruma kwa pamoja, naye akipita katikati yake na bisibisi mfukoni, mara anasimama na kunyoosha kidole: "Ile ya tatu, mkanda umelegea." Wakifungua wanakuta ni kweli.

Mtu mwenye masikio hayo ndiye aliyekuwa amekosana na mkewe kwa kutomsikiliza.

Mkewe alikuwa amejiandikisha katika darasa la watu wazima, baada ya miaka hamsini ya kusomewa kila kitu, hata karatasi ya dawa. Mwalimu aliwataka wasome kwa sauti, mtu awasikilize. Lakini mama wa watu akiona uso wa mtu tu, ulimi unamganda. Basi akabuni njia yake: mume akishatoka asubuhi, anajifungia jikoni, anajirekodi kwenye simu akisoma ukurasa mmoja, kisha anamtumia. Masharti yalikuwa mawili. Asiufungulie nyumbani yeye akiwapo, na mtu mwingine asisikie hata neno moja.

Kwa hiyo ilibaki treni ya jioni, na treni ile ilikwaruza reli tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Fundi alijichomeka vile vidude vyake vidogo vya masikioni, akaambulia "punda", "mto", "akakataa", basi. Akifika nyumbani anasema, "Umesoma vizuri sana, mama watoto." Uongo mtupu, japo ulikuwa wa mapenzi.

Jioni ya saba mkewe aliitazama mikono mitupu ya mumewe, akashusha pumzi.

"Wewe hunisikilizi. Na kama husikilizi, namsomea nani? Kesho narudisha kitabu cha watu."

"Nasikiliza, nakuapia!"

"Haya."

Hiyo "haya" ilimkosesha raha kuliko matusi. Alikuwa amemwona mwanamke huyu akisoma ubao wa duka kwa kidole, akicheka peke yake barabarani, na hakutaka kicheko kile kife kwa ajili ya reli.

Kesho yake alitoka kazini mbio hadi duka la vifaa vya simu karibu na kituo. Muuzaji, binti mchangamfu mwenye maneno mengi, alimvalisha hedifoni kubwa nyeusi na kumfungulia muziki.

"Sikia besi hiyo, mzee wangu! Kifua hakitikisiki?"

"Kinatikisika, binti. Lakini ngoma nazisikia hata bila hizi."

Akachomeka simu yake mwenyewe, akaufungulia ukurasa wa saba, akatoka nje na kusimama kando ya mchomeleaji aliyekuwa akikata vyuma. Binti alimfuata akidhani anatoroka na mali. Ndani ya zile nyeusi, mkewe alisikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa. Za pili zilikuwa na matundu ya wavu, sauti tamu kabisa, ila kelele za vyuma zikaingia zote, na sauti ya ndani ikavuja nje hata binti akasema, "Huyo punda kafanyaje?" Fundi akazivua haraka.

Za tatu zilikuwa za waya, rahisi kuliko zote, zimefunikwa vizuri nyuma na mito yake minene imelikumbatia sikio lote. Cheche zikaruka, msumeno ukalia, na mkewe akasoma, "Punda akasimama mtoni." Binti alisogeza sikio hadi karibu limguse, hakuambulia kitu.

"Ila imebaki rangi ya waridi tu," alisema, akitazama ndevu zenye mvi.

"Ndevu hazisikilizi," alijibu Fundi. Akakunja utepe wa kichwani kidogo kwa vidole vyake vya ufundi ili usimbane, akalipa.

Kwenye treni watu walimtazama, naye wala hakujali. Alianza na ukurasa wa kwanza. Neno kwa neno, pamoja na vituo vya kuhema. Kitabu kikafungwa, pakawa kimya, na alipotaka kuzima, sauti ikarudi: "Kama umefika hapa, niletee ndimu mbili."

Damu ilimpanda usoni. Akafungulia wa pili: "Kama umefika hapa, niletee kiberiti." Wa tatu, karanga. Wa nne, sabuni. Wa tano, kitana. Wa sita, uzi mweupe. Siku zote hizo alikuwa akiingia mikono mitupu na kusema umesoma vizuri sana! Fundi Sikio alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa aibu na kwa furaha. Kisha akausikiliza wa saba mpaka mwisho.

Aliteremka kituo kimoja kabla ya chake, penye soko.

Nyumbani kitabu kilikuwa kimeshafungwa kwenye mfuko, tayari kurudishwa. Fundi alipanga mezani ndimu, kiberiti, karanga, sabuni, kitana, uzi. Mkewe alivitazama kimoja kimoja, kisha akazitazama zile hedifoni za waridi zilizomning'inia mumewe shingoni, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na wa saba?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi alivua hedifoni, akazitia kabatini na kufunga mlango wake. Akavuta kiti mbele yake, akakaa.

"Wa saba ulisema nisinunue kitu. Nikae, unisomee ana kwa ana."

Mama watoto akakitoa kitabu mfukoni.