Nani Aonje Kwanza

Siku ya kwanza kazini nilipewa paja la kuku, nikadhani nimependwa. Msimamizi wa nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu, hapa Kindu, akaniambia, "Kula, kisha ukae pale tukutazame." Ndipo nilipoelewa kazi yangu: mwonjaji. Nikianguka mimi, Bwana Mkubwa hagusi chakula.

Ninyi vijana mnadhani kuonja ni kugusa kwa ulimi. Mchuzi huchotwa chini, maana sumu hutuama. Wali huchukuliwa upande unaomwelekea bwana. Chumvi ikizidi, unajiuliza inaficha uchungu gani. Baada ya vita vya Wazungu na Waarabu tajiri aliondoka, akaja Mkubwa wa Posti, Mzungu msimamizi wa kituo cha serikali, akanirithi pamoja na masufuria. Huyo alinionjesha hata mikebe aliyoifungua mwenyewe.

Nilinenepa kuliko wote mjini, wala sikujua utamu wa kitu. Nyumbani sikugusa chakula mpaka mke wangu, Mama Asumani, ameze kwanza.

"Kule unaonjea mukubwa," aliniambia, "huku mimi naonjea wewe. Na mimi, nani ananionjea? Ukisema tena nianze, narudi kwetu Pangi."

Hakuwa mtu wa vitisho vya bure.

Wiki ile alifika mwalimu wa dini, aliyewahi kuwa mtumwa, akihubiri kwamba Yesu alikuja tuwe na uzima, tena tele. Nilimshuku. Anayegawa kitu tele anatafuta nini? Nikaenda kwake kumchunguza. Nilikuta ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo, makavu bila mafuta.

"Uzima tele njo huu?" nikauliza.

Akacheka. "Wageni iko mingi, mafuta iko kidogo. Baba, wewe unaonjea mukubwa asikufe. Mukubwa yangu mimi, Yesu, alionja mauti, ili mutumwa aishi. Sasa niogope chungu gani?"

Nilikula, ingawa nilichota chini.

Nyumbani nikatangulia kutia mkono. Mama Asumani akavuta wake nyuma.

"Umetia nini humu?"

"Hakuna kitu."

"Basi kula tena."

Nikala tena na tena, macho yake yakinifuata kooni, na kwa mara ya kwanza nikasikia utamu wa mawese. Pangi hakurudi.

Kazi niliacha zamani, Mkubwa alipohamishwa. Mwalimu yule bado namshuku kidogo; mazoea ya kazi hayaishi. Lakini kila jioni naanza mimi, na Mama Asumani hunitazama mpaka nimeze, ndipo anasogea kula.