Nilivyowatembeza Watu Rishikesh Nikiwa Jeddah

Haya sijamwambia hata mamangu, na najua mtanicheka, lakini chekeni polepole kwa sababu mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Mimi ni dereva wa familia moja hapa Riyadh, ya madam na mumewe tunayemwita baba. Siongei sana. Niliishia darasa la nane, na Kiarabu changu ni cha barabarani, kwa hivyo neno langu kubwa kazini ni "aiwa, madam", yaani ndiyo, basi. Rafiki yangu pale nyumbani ni Dinesh, mpishi, mtu wa makamo kutoka Rishikesh, mji wa India chini ya milima ya Himalaya ambako watu huenda kuomba kando ya mto Ganga. Wakati huo alikuwa hajaenda kwao miaka minne, kila akiomba likizo anaambiwa baada ya Ramadhani, na Ramadhani zinapita. Basi jioni akikata vitunguu na mimi nikimenya viazi (sijatumwa, napenda tu kukaa naye) ananitembeza mjini kwao: daraja refu la miguu linaloning'inia na kuyumba, nyani wanaokuvizia wakupokonye ndizi, hekalu la ghorofa kumi na tatu lenye kengele kila mahali, taa za moto zinazozungushwa mtoni jua likizama. Nimezunguka Rishikesh na Dinesh mpaka naijua kuliko Bungoma nilikozaliwa.

Sasa siku hiyo nilikuwa nampeleka madam Jeddah kwa mama yake, Dinesh na Zuhura (dada wa kazi, mtu wa Mombasa) walikuwa wametangulia kwa ndege na watoto, na njiani madam akawa anaongea na dada yake kwa simu kwamba wanataka kwenda Rishikesh kufanya yoga, ila hawajui huko kuna nini cha kuona. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Madam, huo mji naujua."

"Umefika?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana, ni Dinesh. Lakini kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza kitu kwa sauti kama ile, sauti ya mtu anayetaka kusikia jibu. Nikasema, "Aiwa, madam."

Nilidhani yameishia barabarani. Kesho yake, kule mtaa wa Ruwais kwa mama yake, baada ya chakula cha mchana nikaitwa. Dereva haitwi sebuleni kwa kina mama, kwa hivyo nilisimama mlangoni, macho kwenye zulia, na mbele yangu madam, dada yake, mama yao bibi mwenye nyumba, na picha za Rishikesh kwenye televisheni kubwa kama kitanda.

"Yalla, haya, tuambie," madam akasema.

Nikaanza kwa kigugumizi, lakini walivyotikisa vichwa nikapata nguvu, nikawavusha daraja, nikawapitisha kwa nyani, nikawapandisha hekalu, mpaka maneno ya Dinesh yakakaribia kwisha na bibi akauliza, "Na chakula?" Chakula cha kule Dinesh hakuwahi kunieleza. Nikasema kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angesema: "Nyama choma ya mbuzi, mama, hapo hapo mtoni."

Wakafurahi! Nikaona niongeze na kile kizuri kuliko vyote. "Msikose kumwona bibi mmoja anayekaa ngazi ya tatu kutoka majini. Anauza vibakuli vya majani vyenye maua na taa, vya kuelea mtoni. Kila siku anatia kimoja majini kwa ajili ya mwanawe aliye mbali."

Bibi mwenye nyumba akapangusa macho. Mimi nikainua yangu, na kwenye mlango wa pili alikuwa amesimama Dinesh na sinia ya chai.

Huyo bibi wa ngazi ya tatu ni mama yake.

"Halas," madam akasema, yaani imekwisha, "Wekesa atakuja nasi atuongoze. Dinesh atabaki kumpikia baba."

Dinesh akanitazama mimi, si madam. Kabla sijasema neno madam alikuwa ameshampigia baba Riyadh, kwa sababu paspoti zetu zote ziko kabatini kwake (nilisahau hilo, fikirieni). Simu ilikuwa kwenye spika. Tukamsikia baba akipekua kurasa.

"Muhuri ni mmoja tu, wa kuingia hapa. Huyu hajafika popote."

Nyuma ya Dinesh, Zuhura akapasuka kwa Kiswahili: "Wee Wekesa! Malindi hujafika, leo ushapanda Himalaya?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Madam hakucheka. "Umenidanganya mbele ya mamangu. Toka."

Kutoka kulikuwa rahisi, mlango ulikuwa mgongoni. Lakini nikitoka, Dinesh anabaki. Nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema kwa Kiarabu: "Madam, mji ni wa Dinesh. Daraja lake, nyani wake, mto wake. Yule bibi ni mama yake. Yangu ni nyama tu."

Bibi mwenye nyumba akamgeukia Dinesh. "Ni mama yako kweli?"

Dinesh akaweka sinia chini. "Ndiyo, mama. Lakini nyama hakuna. Mji mzima hawauzi nyama wala yai."

Bibi akacheka mpaka machozi, kisha akauliza hajamwona tangu lini, akajibiwa, akamtazama binti yake vile mama hutazama mtoto aliyekosa. Madam akainamia simu. "Baba, tafuta paspoti ya Dinesh."

Jikoni sikuweza kumtazama Dinesh.

"Umemweka mamangu kwenye foleni moja na nyani," akasema.

"Nisamehe, kaka."

"Ukasema ngazi ya tatu."

"Si ya tatu?"

"Ni ya tatu." Akafungua maji, akaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu. "Sikujua kuwa unanisikiliza."

Walienda na Dinesh wiki mbili. Mimi nilibaki na baba, tukila wali ulioshika sufuria. Tangu siku hiyo nimeapa, mahali ambapo miguu yangu haijakanyaga, nikiulizwa nitamwita mwenyewe aje aseme, na mimi nitakaa kando nisikilize, kwa maana hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.