Chombo Kisicho na Fundi

Fundi wa lifti wa jengo lile la ghorofa kumi na mbili, ambaye wapangaji walimwita Mzee Grisi, alikuwa amesoma hadithi za kisayansi nyingi kuliko watu wote wanaozisifu, na yeye hakuisifu hata moja. Wapangaji waliohama waliziacha kwenye ngazi. Aliziokota, akapanda nazo hadi chumba cha mitambo juu ya paa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kusubiri kengele ya mtu aliyekwama. Miaka ishirini na sita, anasoma na kusonya.

"Viumbe wametoka huko mbali, wamevuka giza lote lile," alikuwa akimwambia mlinzi wa mlangoni, "halafu wakifika kazi yao ni kuvunja maghorofa. Safari yote hiyo! Si wangevunja ya kwao?"

Zile za kurudi wakati uliopita ndizo hakuzielewa kabisa. Mtu anapata mashine ya kumrudisha jana, na badala ya kwenda kukaza nati aliyoisahau, anakwenda kumsaka babu yake. Na wale wanaohangaika na dawa ya kuishi milele? Mzee Grisi aliwajua wapangaji wa ghorofa ya tisa, na hakuona sababu ya kuwaongezea hata wiki moja.

Lakini kilichomkera hasa ni vyombo vya nyota. Chombo kinasafiri miaka mia mbili, kina nahodha, kina daktari, kina mrembo, kina mashine inayoongea, fundi hakuna. Nani anapaka grisi ile milango inayojifungua yenyewe? Lifti yake ilikwenda juu na chini tu, wala haikuwahi kumaliza mwezi bila kudai kitu. Waandishi, aliamua, ni watu waliopandishwa maisha yao yote bila kuuliza nani yuko juu.

Basi Ijumaa moja mchana binti yake wa pekee, mwalimu wa shule, akapanda mpaka chumba cha mitambo na rundo la karatasi. Ameandika riwaya. Ya nini? Ya chombo cha nyota!

"Mchapishaji anaitaka Jumatatu," alisema. "Sura ya mwisho bado, lakini nataka wewe uisome kwanza, baba. Ukisema haifai, siipeleki."

"Huipeleki kabisa?"

"Hata ukurasa mmoja."

Hakuwa anatania, na baba alijua. Binti huyu aliacha kuchora akiwa na miaka tisa, siku aliyoambiwa magoti ya farasi wake yamefungwa kinyume. Kwaya aliiacha mwaka uliofuata, kwa maneno ya baba yuleyule. Mzee Grisi hakuwa mtu wa kusifu. Lifti ikienda, unaisifia nini? Kazi yake ni kwenda.

Aliisoma riwaya kama anavyokagua lifti, kalamu nyekundu mkononi. "Mlango wa pili haujakaguliwa tangu sura ya kwanza." "Wanakunywa maji. Bomba liko wapi?" Nahodha alimwona bwege, daktari alimwona mzembe. Lakini aliyemchefua kuliko wote ni mashine iliyoendesha chombo. Ilijua kila bolti, ndiyo, ila mdomo wake! Iliwaamsha wasafiri kwa kuwakemea. Wamelala vibaya, wamepika vibaya, wanapendana vibaya. Kwa miaka yote ya safari haikumwambia mtu ahsante. Mwishowe wasafiri wakaanza kunong'ona kwamba bora waizime, hata kama bila yake hawana hakika ya kufika.

"Yaleyale!" alifoka Mzee Grisi peke yake. "Wanaunda kitu wenyewe, halafu wanakiogopa." Lakini safari hii aliwaunga mkono wasafiri. Akaandika pembeni, "Izimwe mapema," akapiga mistari miwili chini yake.

Jumapili binti alirudi, akakuta rundo limefungwa kamba, na juu yake kinaning'inia kibao chekundu: ISITUMIKE. Baba hakukusudia ubaya. Kasoro zikizidi kumi, kibao kinatundikwa. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote.

"Sawa," binti alisema, akachukua mkoba wake.

"Subiri kwanza. Kasoro ni sitini na moja. Na kubwa kuliko zote, fundi hayumo! Nimekusomesha kwa mikono hii yenye grisi, wewe unajaza chombo watu wasiojua kushika spana?"

"Yumo, baba."

"Yuko wapi? Nimesoma kila mstari."

Binti alifungua kamba, akapekua hadi penye mistari miwili, akaweka kidole kwenye ile mashine inayokemea. "Huyu hapa. Nilikuwa sijui nimalizieje. Sasa umeshaniambia."

Mtu alibonyeza kitufe huko chini, mtambo ukaanza kunguruma, na Mzee Grisi akashukuru kupata kelele. Alisoma tena maneno yake mwenyewe. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona woga ambao hakuna hadithi iliyowahi kumtia.

Katika daftari la ukaguzi hairuhusiwi kufuta. Unakata kwa mstari mmoja, unaandika upya, unatia sahihi. Alikata. Akaandika: "Wasiizime. Ifundishwe kusema na watu. Ni kuukuu, itachukua muda." Akatia sahihi, akakirudisha kibao chekundu kwenye msumari wake ukutani.

"Hujasema kama inafaa," binti alisema.

Mzee Grisi alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa na grisi.

"Ina kasoro sitini," alisema. "Lakini inabeba watu."

Jumatatu saa tatu asubuhi karatasi zilikuwa mezani kwa mchapishaji, sura ya mwisho iliyoandikwa usiku ule ikiwemo, na wino mwekundu wote wa Mzee Grisi.