Kikombe cha Kajiado

Maweu alikuwa mtu wa kuelewana na mashine kuliko watu. Kuanzia mwaka wa 1992 alitengeneza mashine za kufuma sweta katika karakana ya Mama Sheryl, pale Noonkopir, Kitengela, na kina mama waliofuma walizoea kumwona ameinama, bisibisi mkononi, akijibu maswali kwa kutikisa kichwa. Shule aliachia darasa la saba. Akiulizwa jambo mbele ya watu zaidi ya watatu, alitazama viatu vyake.

Kwa hiyo mwaka wa 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa na watoto wakajaa madarasani, oda za sweta nazo zikamiminika, Mama Sheryl alipomfanya Maweu kuwa msimamizi, watu walishangaa. Wa kwanza kushangaa alikuwa yeye mwenyewe.

Karakana ilikuwa chumba kimoja tu. Mashine sita zilikijaza, na nyingine nne zilikaa pembeni zimefunikwa magunia. Maweu ndiye aliyetoa shauri kwamba hizo nne zipelekwe Kajiado mjini, kwa kina mama waliojua kufuma vizuri lakini hawangeweza kuacha watoto, wagonjwa na mifugo ili waje Kitengela kila siku. Zilikuwa mashine za kusukuma kwa mkono, hazikuhitaji stima. Mama Sheryl hakulipenda shauri hilo.

"Fundi, mtu nisiyemwona, nitajuaje anafanya kazi?"

"Utaona sweta," Maweu akasema.

"Haya. Nakupa oda moja. Ikiharibika, mashine zangu zote zinarudi hapa, na hao mama zako watafute kazi ingine."

Oda yenyewe ilikuwa sweta mia mbili na arobaini za kijani, za shule moja upande wa Isinya, zifike kabla ya muhula wa pili kufunguliwa. Kila sweta iwe na mstari mmoja mweupe mkononi. Maweu aligawa kazi, akapeleka nyuzi Kajiado, akarudi akiwa na furaha ambayo hakumwonyesha mtu.

Siku ya nne, mwalimu mkuu wa shule ile alipitia Noonkopir saa nne asubuhi, akawakuta wakinywa chai. Alisifu kazi, akapewa kikombe, na katika kunywa akasema wazazi wangependa mistari miwili badala ya mmoja, ili sweta zisifanane na za shule jirani. Wafumaji wote sita wakasikia, na Maweu pia. Jentrix, mfumaji wa miaka mingi na mwenye maneno kuliko wote, akasema mistari miwili si kitu. Wakamaliza chai, wakarudi kazini.

Hakuna aliyewaambia wa Kajiado. Maweu alidhani Jentrix angepiga simu, kwa kuwa ndiye aliyemjibu mwalimu. Jentrix alidhani hiyo ni kazi ya msimamizi.

Wiki iliyofuata Maweu alikwenda Kajiado kuchukua kazi. Alianzia kwa Mama Simel, ambaye wenzake watatu walimchukua kama mkubwa wao.

"Takwenya," Maweu akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, kisha akamwekea juu ya meza sweta zilizokunjwa vizuri. Zilikuwa thelathini na nane, kazi ya wote wanne. Maweu akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mstari mmoja, mstari mmoja, mstari mmoja. Akakaa chini.

"Iko shida?" Mama Simel akauliza.

"Mistari ni miwili."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. Mwalimu alisema wakati wa chai."

Mama Simel akaisukuma sweta kando. "Chai ya wapi, fundi? Hapa kwangu hakuna mwalimu amekunywa chai. Ama mlitaka niisikie harufu kutoka Noonkopir?"

Maweu akazikunja tena moja moja. Alizibeba sweta hadi karakana, na Jentrix alipoziona hakukawia.

"Si nilisema? Hao wanafuma wakisonga ugali. Mkono mmoja kwa mwiko, mwingine kwa mashine."

Wengine wakacheka. Mama Sheryl, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Alikuwa akihesabu siku zilizobaki. Maweu alijua kwamba akinyamaza, kina mama wanne watapoteza kazi kwa kosa ambalo si lao. Akasimama. Safari hii hakutazama viatu.

"Wale mama walifuma walichoambiwa. Kosa ni langu. Sisi hapa tulikaa kwa chai tukaamua, na wenzetu wanne hawakuwa na kikombe. Miili ya sweta ni mizima. Tutafumua mikono peke yake, tufume upya. Nami nitaanza."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mle ndani. Jentrix akachukua sweta moja, akaanza kufumua.

Kesho yake Maweu alimtuma Jentrix Kajiado akae siku mbili na Mama Simel wafume mikono pamoja, na akamleta mmoja wa kule kuunganisha sweta Noonkopir. Jentrix alienda amenuna. Alirudi akiwaambia wenzake kwamba yule mama hukamua ng'ombe, hukaa kwa mashine mpaka saa sita bila kuinuka, na kwamba alikuwa amemkosoa mishono yake. "Na alikuwa na haki," akaongeza, kwa sauti ya chini.

Maweu naye alinunua kikombe cha bluu, akakiweka kati ya vikombe vya chai. Kila saa nne, mmoja wao alipewa kile, kwa zamu. Aliyekinywea ndiye Kajiado kwa siku hiyo: lolote lililosemwa, ilimpasa kuuliza kama wa kule wangeliafiki, kisha aende kwenye kibanda cha simu ampigie jirani wa Mama Simel mwenye duka, naye awaite. Jambo ambalo Kajiado hawajalijibu lilihesabiwa halijaamuliwa. Mara mbili Mama Simel alikataa jambo, na mara moja alikuwa amewaokoa: uzi mweupe wa boksi la pili ulikuwa na umanjano kidogo, haukufanana na wa boksi la kwanza.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, sweta zote mia mbili na arobaini zilikuwa zimepangwa juu ya meza. Mama Sheryl akaja na miwani yake.

"Nionyeshe za Kajiado. Hizo ndizo nitakagua."

Maweu akapekua rundo. Akageuza moja, akaivuta mishono, akaiweka. Akageuza nyingine.

"Sijui ni zipi," akasema.

Mama Sheryl alidhani anaficha. Akatafuta mwenyewe karibu saa nzima, sweta kwa sweta, mkono kwa mkono. Mwishowe akavua miwani.

"Basi mashine zibaki huko," akasema.

Kufikia mwaka wa 2008 Maweu alikuwa akiongoza watu kumi na tisa, kumi na mmoja wao majumbani mwao kutoka Kajiado hadi Illasit. Bado haongei sana. Lakini ukimuuliza kazi yake, anainua kichwa na kusema, "Mimi ni msimamizi wa wafumaji," kisha anangoja umuulize ni wangapi.